Mkataba Mmoja, Unguja na Songwe
Vita vya Unguja vya Agosti 27, 1896 si habari ya pwani peke yake. Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza; manowari zao zikalibomoa kasri kwa muda usiotimia saa moja, watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, na Hamoud bin Mohammed akatawazwa. Tukuyu inahusikaje? Miaka sita kabla, Julai 1, 1890, Ujerumani iliwaachia Waingereza Unguja, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Mkataba huo huo uliufanya mto Songwe kuwa mpaka, ukawatenga Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde, leo raia wa Malawi. Hakuna chifu wa Rungwe aliyeketi mezani. Ni dhuluma, tena ingali hai: ndugu huvuka mto kuzikana wakiwa wageni kisheria. Wajerumani wakajenga boma Tukuyu, wakaliita Neu Langenburg. Waingereza wakaliteka Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na katika vita hivyo hivyo wakamkamata Khalid aliyekimbilia Dar es Salaam, wakampeleka uhamishoni Saint Helena. Walimu wa historia wa Rungwe, yafundisheni haya kama somo moja.