Mpagazi Alipewa Posho, Mkulima wa Tabora Je?



Neno "posho" leo ukilisikia unamfikiria mbunge na kikao chake. Lakini kwenye njia ya misafara, Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji, posho ilikuwa chakula cha mpagazi. Mnyamwezi alibeba pembe za ndovu begani, na tajiri wake, hata awe mkorofi vipi, alijua kuwa mpagazi mwenye njaa hafikishi mzigo.

Sasa tuje kwenye pesa za UVIKO. Septemba 2021 IMF iliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25, ndiyo ile trilioni 1.3. Tarehe 10 Oktoba Rais Samia akazindua mpango wake Dodoma. Afya ikapata fungu, elimu ikapata, maji yakapata, kaya maskini kupitia TASAF zikakumbukwa. Hata utalii ulipata. Kilimo? Hakikuwa na fungu lake. Kilimo hicho hicho tunachoimbiwa kila kampeni kuwa ni uti wa mgongo wa taifa!

Sibezi madarasa 15,000. Wadogo zetu wanasoma humo. Ninachosema ni kwamba ule ni mkopo, siyo zawadi, na watakaoulipa ni pamoja na mkulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, wa pamba wa Igunga, wa mahindi wa Nzega. Mzigo anabeba. Posho yake iko wapi?

Eti mkulima hakuathirika kwa sababu hatukufungiwa ndani. Acheni utani jamani. Mwaka 2021 mbolea ilipanda dunia nzima, na huku kwetu mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 100,000. Nyumbani Uyui, msimu ule mama alinunua mfuko mmoja badala ya mitatu, akaweka mbolea sehemu ya shamba tu. Kwingine tulivuna magunzi. Baba naye, tumbaku ilipouzwa, deni la pembejeo lilikatwa kwanza. Kilichobaki hakikufika hata nusu ya ada yangu ya chuo.

Na msiniambie haiwezekani. Mei 2020, majirani zetu Kenya walitenga shilingi zao bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, kupitia vocha za kielektroniki. Sisemi Kenya ni peponi, kashfa za pesa za korona tulizisikia. Lakini pale mkulima alitajwa, kwa idadi na kwa kiasi. Ukitajwa, angalau una cha kudai.

Wenzetu wa upande wa pili watakimbilia ruzuku ya mbolea. Ndiyo, imekuja. Ilizinduliwa Agosti 2022, msimu wa 2021/22 umeshapita na madeni yameshaingia ndani. Mvua haisubiri uzinduzi.

Sasa tufanye nini? Kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp peke yake hakutoshi. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa serikalini, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Kwa hiyo kila tawi la vijana liandike barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yake, maswali matatu tu: Halmashauri ilipokea shilingi ngapi za UVIKO? Zilikwenda kata zipi? Wakulima wangapi waliguswa, na kwa nini?

Gonga muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, uitunze. Wakijibu, tutabandika majibu kwenye mbao za matangazo za vijiji. Wasipojibu, nakala zile zitakuwa ushahidi wetu mahali panapohusika.

Babu zetu waliijua thamani ya mzigo waliobeba, na posho isipotoka, waliutua chini wakaondoka. Sisi tutaanza na barua.

Aluta continua.