Tuyapime maneno kabla ya kuzisoma picha za Europa

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2024, shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha kutoka Florida chombo kiitwacho Europa Clipper. Kinatarajiwa kuifikia sayari ya Mshtarii, ambayo wengi huiita Jupita, mwezi Aprili 2030, kisha kiupitie kwa karibu mwezi wake mmoja, Europa, takriban mara 49 kikiupiga picha. Mtoto aliye katika shule ya msingi hivi leo huenda akawa angali darasani picha hizo zitakapoanza kumiminika. Swali langu kwa walimu wenzangu ni moja: je, atazisoma kwa maneno gani?

Europa ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu. Kipenyo chake ni takriban kilomita 3,120, na uso wake wote ni barafu. Chombo Voyager 2 kilipoupiga picha Julai 1979, wataalamu waliona tufe jeupe, laini mno, lililochorwachorwa mistari. Baadaye chombo Galileo, kilichofika Mshtarii Desemba 1995, kilisogea karibu zaidi. Antena yake kubwa ilikuwa imekataa kufunguka, na picha zikawa zinaletwa kwa mwendo wa kobe. Hata hivyo, baadhi yake zilidhihirisha vitu vya upana wa mita chache tu. Hapo ikabainika kwamba mingi ya mistari ile ni matuta yaendayo sambamba, mawili mawili, yakitenganishwa na bonde jembamba. Mahali paitwapo Conamara palionekana mapande ya barafu yaliyokatika, yakasogea na kugeuka, kisha yakagandamana upya.

Mimi si mwanafalaki; kazi yangu ni isimu. Kinachonivutia ni busara ya waliotoa majina. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia huuita mstari wa Europa *linea*, neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya mstari. Baka jeusi ni *macula*, yaani doa. Eneo lililovurugika ni *chaos*, neno lenye asili ya Kigiriki. Hakuna jina hata moja kati ya haya lisemalo kitu kilitokeaje. Yote husema tu jinsi kinavyoonekana.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 1877 Mtaliano Giovanni Schiaparelli aliitazama sayari ya Mirihi kwa darubini, akaripoti kuona *canali*. Kwa Kitaliano neno hilo laweza kuwa mkondo wa asili au mfereji uliochimbwa. Kiingereza kikachukua maana ya mfereji wa kuchimbwa. Haikuchukua muda mrefu kabla ya Mmarekani Percival Lowell kuandika vitabu akidai kwamba viumbe wenye akili waliichimba mifereji hiyo ili kusafirisha maji. Sisemi tafsiri peke yake ndiyo iliyowapotosha watu, lakini iliwafungulia njia. Chombo Mariner 4 kilipopiga picha za Mirihi mwaka 1965, mifereji haikuonekana.

Turudi sasa kwa Kiswahili. Mistari ya Europa tuiite nini? Tukisema *ufa*, tumekwisha kuamua kwamba kitu kizima kimepasuka. Tukisema *mfereji*, tumeingiza maji na mchimbaji. *Mlia* hutaja rangi tu, ilhali *kovu* hudokeza jeraha lililopona. Wapo wadaio kwamba lugha yetu haina maneno ya sayansi. Mfano huu waonyesha kwamba maneno tunayo tele. Tatizo letu ni kuyachagua bila kuyapima.

Msomaji ataniuliza: ya nini taabu hii, ilhali sayansi katika shule zetu za upili hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza? Jibu langu ni kwamba mwanafunzi asiyeweza kukieleza alichokiona kwa lugha anayoimudu hukariri tu yaliyoelezwa na wengine. Huyo hata mtihani akiupita, hajajifunza kutazama.

Kwa hivyo napendekeza zoezi jepesi. Mwalimu wa Kiswahili na achukue picha moja ya Galileo, awape wanafunzi waandike aya mbili. Ya kwanza ieleze kinachoonekana tu: umbo, ukubwa, mpangilio. Ya pili iseme kinachodhaniwa, na sababu zake. Awakumbushe pia kuyasoma maelezo ya chini ya picha, kwa kuwa rangi nyekundu inayotuvutia katika picha nyingi za Europa imekolezwa makusudi ili tofauti zionekane.

Katika zoezi hilo watagundua kwamba bahari inayosadikiwa kuwapo chini ya barafu ile haionekani katika picha yoyote. Picha ziliidokeza tu. Ushahidi wenye uzito zaidi ulitokana na vipimo vya usumaku vya Galileo, hususan vile vya Januari 2000.

Walimu wa Kiswahili wasiwaachie wenzao wa sayansi kazi hii, wala wa sayansi wasiidharau. Wakikaa pamoja tangu sasa, watoto wetu watazipokea picha za mwaka 2030 wakijua kutofautisha walichokiona na walichokisia.