Aliyeinuka Baada ya Kuanguka Bado ni Majeruhi

Katika machimbo ya dhahabu ya Mikoa ya Geita na Shinyanga ipo hesabu ya majeraha ambayo karibu kila mtu huifuata. Aliyevunjika mguu hubebwa. Anayetoka damu hukimbizwa hospitali. Lakini yule aliyepigwa na jiwe kichwani, akazimia kwa muda mfupi, kisha akazinduka, akajipangusa vumbi na kusimama, huambiwa pole, hupewa maji na kuketishwa kivulini; na kabla jua halijatua huwa amekwisha kurejea kazini. Hesabu hiyo ina kosa, na kosa lake hulipwa kwa maisha ya watu.

Tatizo linalompata mtu huyo madaktari huliita mtikisiko wa ubongo. Ubongo wa binadamu ni laini, nao umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu gumu. Kichwa kinapopigwa, au mwili unapotupwa kwa nguvu na kusimama ghafla, ubongo hutikisika hata kama ngozi haikuchanika wala mfupa haukuvunjika. Mtu aweza kuzimia, au asizimie kabisa. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, husahau mambo yaliyotokea muda mfupi kabla ya ajali, na mwanga na kelele humuudhi. Walio wengi wakipumzika hupona katika siku chache au majuma machache. Lakini miongoni mwao wamo wachache ambao mshipa umepasuka ndani ya fuvu na damu inavuja polepole. Hao nao huamka, huzungumza na kutembea. Kisha, saa kadhaa baadaye, huanza kusinzia, na usiku uleule hali yao huharibika. Katika saa za kwanza hakuna awezaye kuyatenganisha makundi hayo mawili kwa kuwatazama watu usoni tu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima.

Ukanda wa dhahabu hauna upungufu wa mambo ya kuumiza vichwa. Mchimbaji hushuka katika duara lililoegemezwa kwa matimba, na jiwe dogo likiponyoka kutoka juu humfikia likiwa na nguvu ya kuua. Bodaboda ziendazo Katoro, Nyarugusu na Kakola hubeba abiria wawili au watatu, na mara nyingi kofia ngumu ni moja tu, nayo ni ya dereva, kama ipo. Mtoto huanguka kutoka mwembeni. Mwanamke hupigwa nyumbani na kunyamaza. Mwaka 2015 mgodi wa Nyangarata wilayani Kahama uliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwezi Januari, 2017, watu 15 waliokolewa katika mgodi wa RZ mkoani Geita. Ajali za namna hiyo huleta viongozi, mitambo na waandishi wa habari. Jiwe lililomwangukia mtu mmoja halimleti yeyote.

Ni rahisi kusema kwamba wananchi hawaendi hospitali kwa sababu ya ujinga. Kauli hiyo humpunguzia kazi anayeitoa, lakini haielezi ukweli. Mchimbaji wa duara halipwi mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa mgawo wa mawe yanayotoka. Ameteremka na kupanda kwa majuma kadhaa akingoja mwamba wenye dhahabu, naye huhofia kwamba akiondoka siku moja mgawo wake utapungua au utapotea. Zahanati iko mbali, nauli yahitaji fedha taslimu, na mwenyewe anajiona mzima. Kwa hesabu yake, kubaki ni busara. Kinachokosekana katika hesabu hiyo ni habari moja tu ambayo hakuna aliyempa: kwamba unafuu wa saa za kwanza waweza kuwa wa uongo.

Kwa hiyo mahali pa kwanza anapokwenda ni duka la dawa, kwani liko jirani, halina foleni wala maswali. Hueleza kwamba kichwa kinauma, hupewa vidonge, huondoka. Lakini si kila dawa ya maumivu yamfaa aliyeumia kichwa. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zaweza kuzidisha uvujaji wa damu. Parasetamoli ndiyo yenye usalama zaidi. Muuzaji aliyezoea kuuliza kama mteja ana vidonda vya tumbo angeweza kuongeza swali moja: je, kichwa hiki kimeanza kuuma baada ya kupigwa au kuanguka? Jibu likiwa ndiyo, huduma iliyo bora kuliko vidonge ni kumwelekeza zahanati siku hiyohiyo.

Kizuizi cha pili ni karatasi. Fomu ya polisi iitwayo PF3 ina kazi yake halali, kwa kuwa huhifadhi ushahidi wa ajali au shambulio. Yafaa kila mtu ajue kwamba majeruhi aliye hatarini hupaswa kuhudumiwa kwanza na fomu ikafuata. Hata hivyo, vijijini imekwisha kujengeka imani kwamba bila PF3 hakuna tiba. Mchimbaji aliyeumia katika duara lisilo na leseni hukwepa hospitali kwa kuogopa kituo cha polisi. Mwanamke aliyepigwa na mumewe hukwepa vilevile, kwani fomu itamtaka aseme nani aliyempiga. Hivyo chombo kilichowekwa ili kumlinda majeruhi hugeuka kuwa mlango uliofungwa. Hapana budi kila zahanati na kila kituo cha afya katika maeneo ya machimbo kibandike tangazo mlangoni, kwa Kiswahili kisicho na utata: aliyeumia hutibiwa kwanza.

Kizuizi cha tatu ni imani ya watu katika picha. Wapo wanaofika hospitali, wakapigwa eksirei ya kichwa, wakaambiwa kwamba hakuna kilichoonekana. Nao hurudi nyumbani wakitangaza kwamba ni wazima. Eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi ubongo. Hata mashine ya CT, ambayo huonyesha damu iliyovuja ndani ya fuvu, kwa kawaida haionyeshi mtikisiko wenyewe. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa maswali, kwa uchunguzi wa mwili na kwa kuangaliwa kwa saa kadhaa. Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo cha fahamu chenye alama kuanzia 3 hadi 15, kinachopimwa kwa kutazama kama mgonjwa hufumbua macho, hujibu maneno na kuusogeza mwili wake. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mtambo. Chaweza kutumika katika zahanati ya mwisho kabisa ya Msalala au Nyang'hwale, nacho kikirudiwa kila baada ya muda husema mapema kama mgonjwa anapanda au anashuka.

Kuna kosa jingine katika miji ya machimbo ambalo halina budi kutajwa wazi, nalo ni la pombe. Mtu aliyeanguka usiku akitoka kilabuni, anayeongea kwa kulegea na kuyumba, huachwa alale ili ulevi umtoke. Pengine ni ulevi. Pengine ni damu inayoukandamiza ubongo. Ikiwa kichwa chake kimeumia, hapana mtu mwenye haki ya kudhani ni pombe mpaka mtaalamu wa afya athibitishe.

Baada ya siku za mwanzo huja majuma ya mashaka ya namna nyingine. Mtu aliyekuwa mpole huwa mwepesi wa hasira. Aliyekuwa na kumbukumbu nzuri husahau alichotumwa. Usingizi humpaa, kichwa humuuma kila jua likiwa kali. Ndugu zake hawaoni jeraha lolote, na ajali yenyewe imekwisha kusahauliwa. Ndipo neno la kurogwa linapoingia nyumbani. Katika sehemu hii ya nchi neno hilo halikuwa mchezo kamwe, kwa maana limekwisha kugharimu maisha ya vikongwe wasio na hatia. Ugonjwa wenye sababu inayojulikana ukiachwa bila maelezo, hutafutiwa mkosaji.

Si haki wala si busara kumfukuza mganga wa jadi katika mjadala huu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua na kumwekea utaratibu wa kusajiliwa. Wengi humwendea kwanza kwa sababu husikiliza kwa muda mrefu, huzungumza lugha yao na hujua ukoo wao. Mganga aliyesajiliwa angeweza kufundishwa jambo moja la kuokoa maisha: amuulize kila mgonjwa wa kichwa kama aliwahi kuanguka au kupigwa siku za karibuni, na akijibiwa ndiyo ampeleke zahanati kabla ya dawa nyingine yoyote. Mapigaramli wanaotaja majina ya wachawi ni suala jingine, na dola inajua la kuwafanya.

Basi, nini kifanywe? La kwanza ni kanuni inayoweza kushikwa na kila mtu: aliyepigwa kichwani akazimia hata kwa dakika moja, au akasahau kilichotokea, apelekwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asiachwe peke yake kwa muda wa saa 24. Wapo wanaodhani kwamba ni lazima azuiwe kulala, si hivyo. Aweza kulala, ila aamshwe kila baada ya saa chache aulizwe jina lake na mahali alipo. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akawa haamshiki, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akapata degedege, mkono au mguu ukilegea, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au damu au majimaji mepesi yakitoka puani au masikioni, hapo hakuna kungoja kupambazuke. Nchi ya Usukuma na Unyamwezi, iliyoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, haihitaji kufundishwa maana ya kukesha kwa zamu. Watu waliokesha kwa ajili ya ng'ombe wanaweza kukesha kwa ajili ya jirani.

La pili ni usafiri. Mkoa wa Shinyanga umekwisha kuonyesha njia katika jambo hili. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa mkoani humo kabla ya kutangazwa kuwa wa taifa zima mwaka 2022, humwezesha mama mjamzito mwenye dharura kupata gari kwa simu ya bure ya namba 115. Gari la wagonjwa lisipokuwapo, huitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Kama utaratibu huo umeweza kumfikia mama mwenye uchungu usiku wa manane, hakuna sababu ya msingi ya kutouandaa pia kwa ajili ya aliyeumia kichwa machimboni. Njia nazo zimefupika. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni, 2025, limeondoa kungojea kivuko kwa mgonjwa anayetoka Geita kwenda Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ambayo imekuwa kimbilio la Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971. Lakini daraja halimsaidii mtu ambaye hakuna aliyemwondoa kivulini.

La tatu linawahusu wenye maduara na wenye leseni. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka mfuko wa kumfidia aliyeumia kazini, lakini mchimbaji wa mgawo, asiye na mkataba wa ajira, kwa kawaida hubaki nje ya mfuko huo. Yeye hulindwa na uungwana wa mwenye duara tu, na uungwana usioandikwa hubadilika pamoja na bei ya dhahabu. Yapasa kila duara lenye leseni liwe na masharti matatu yaliyoandikwa na kusomwa mbele ya wote: kofia ngumu kwa kila anayeshuka; mgawo wa aliyeumia kuhesabiwa kamili katika siku anazoangaliwa; na marufuku ya kumrudisha shimoni kabla mtaalamu wa afya hajaruhusu. Sharti hili la tatu si huruma. Mtu mwenye kizunguzungu juu ya ngazi ya duara ni hatari kwake na kwa wote walio chini yake, na kichwa kinachopigwa mara ya pili kabla hakijapona huumia vibaya zaidi. Sharti la mgawo ndilo litakaloyapa mengine nguvu, kwani mtu hawezi kuambiwa apumzike kwa gharama ya chakula cha watoto wake.

Hakuna kati ya haya linalohitaji kungoja mashine mpya au msaada kutoka nje. Swali kwa muuza dawa, tangazo katika mlango wa zahanati, namba ya simu ambayo tayari inafanya kazi, na mgawo uliolindwa kwa siku chache: hayo yote yamo ndani ya uwezo wa halmashauri, vyama vya wachimbaji na serikali za vijiji. Dhahabu ya Geita na Kahama hupimwa kwa gramu, na hakuna anayeruhusu hata chembe ipotee njiani kutoka karasha hadi sokoni. Mtu aliyeipandisha dhahabu hiyo kutoka chini ya ardhi anastahili kuangaliwa kwa makini yaleyale, walau kwa usiku mmoja.