Kazi mradi za watoto wetu: mtoto ameona nini, na mashine imesema nini?

  



Miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa kidato cha pili hapa Mbeya alinijia nikiwa nimekaa kibarazani mwa msikiti. Mkononi alikuwa na kazi mradi ya somo la Jiografia, kurasa kumi na mbili zilizochapwa kwa kompyuta na kutiwa jalada la plastiki. Aliniamkia kwa adabu, kisha akaniomba niipitie kabla hajaikabidhi kwa mwalimu wake. Mada ilikuwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

Nilipofika ukurasa wa tatu nikakuta imeandikwa kuwa mkoa wa Mbeya una wilaya za Mbozi na Ileje, na kwamba Njombe, Makete na Ludewa ni wilaya za mkoa wa Iringa. Nikamwuliza, "Mwanangu, Sikukuu ya Idi ulikwenda wapi?" Akajibu, "Vwawa, Sheikh, kwa shangazi." "Na Vwawa iko mkoa gani?" "Songwe." "Mbona basi hapa umeandika kuwa Mbozi iko Mbeya?" Kijana akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo ilivyotoka, Sheikh."

Ndivyo ilivyotoka! Neno hilo limekaa moyoni mwangu tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike makala ya leo. Mkoa wa Njombe ulitengwa na Iringa mwaka 2012, na mkoa wa Songwe ukatengwa na Mbeya mwaka 2016. Kijana huyu alilijua hili la pili bila ya kufundishwa na mtu, kwani amepita njia ile kwa miguu yake na kuona kwa macho yake. Lakini simu ya mama yake ilipomletea maandishi ya zamani, aliyaamini maandishi akayakanusha macho yake. Hapo ndipo ulipo msiba ninaotaka tuuzungumze.

Kazi mradi ilikusudiwa nini?

Si haki kumlaumu mtoto kabla ya kujua alichotumwa. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia elimu iliyomfanya kijana aone kuwa maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba mzee wa kijijini asiyesoma hana la kumfundisha. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likafuatia, likataka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi, bali kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Mitaala ya sekondari iliyorekebishwa mwaka 2005 ilisisitiza umahiri badala ya kukariri. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imeshikilia njia hiyo hiyo ya ujuzi na mafunzo ya amali.

Kwa hiyo kazi mradi si insha ndefu wala si pambo. Ni safari. Mtoto anatumwa atoke darasani, aangalie, apime, aulize, kisha arudi na habari ambayo mwalimu hakumpa. Anapoleta karatasi ambayo hakuitolea jasho, amerudi kutoka safari ambayo hakuifunga.

Mashine hizi zinafanyaje kazi?

Waya wa kwanza wa mawasiliano wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa ukasambazwa hadi huku kwetu, ukafika mipaka ya Tunduma na Kasumulu. Ilikuwa neema kubwa. Mwanafunzi wa Iringa au Mbeya akaweza kusoma alichokisoma mwenzake wa London. Lakini pamoja na neema hiyo ulikuja uvivu wa kunakili. Mtoto alikwenda katika duka la intaneti, akachukua kurasa za watu, akaweka jina lake juu. Kosa hilo mwalimu makini aliweza kuligundua, kwa kuwa maandishi yale yalikuwa na mwenyewe.

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu iitwayo ChatGPT, na nyingine za namna yake zilizofuata, jambo limekuwa gumu zaidi. Hii ndiyo wataalamu wetu wa lugha wanayoiita akili mnemba. Mashine imelishwa maandishi mengi mno, nayo hutunga sentensi kwa kukadiria neno gani lina uwezekano wa kufuata neno lililotangulia. Haikupanda Mlima Rungwe wala haijaonja maji ya mto Ruaha. Pale ambapo dunia imeandika mengi, hujibu vizuri sana. Pale ambapo dunia imeandika machache, na juu ya vijiji vyetu na kwa lugha yetu imeandika machache mno, inaweza kujibu kwa uhakika ule ule na ikakosea. Tatizo liko hapo: mwanadamu mkweli asiyejua husita, na kusita kwake hukutahadharisha, lakini mashine haisiti.

Somo la kipunji

Nataka nitoe mfano mmoja unaoigusa Mbeya na Iringa kwa pamoja. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama waliokuwa wakifanya kazi Rungwe waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja kima mwenye haya, anayeishi juu mitini, waliyemwita kipunji. Mnyama huyo hakuwamo katika kitabu chochote cha sayansi duniani. Watafiti wangeweza kusema kuwa hizo ni hadithi za wazee. Hawakusema hivyo. Walifuatilia, wakamkuta. Mwaka uliofuata, 2004, kundi jingine la watafiti, bila ya kujua habari za wenzao, lilimwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa upande wa Iringa. Habari zao zikachapishwa pamoja katika jarida la Science mwaka 2005. Mwaka 2006 kipunji akapewa jenasi yake peke yake, ikaitwa Rungwecebus kwa heshima ya mlima wetu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kuwa walibaki 1,117 tu.

Ndugu msomaji, zingatia. Kama kungekuwako mwaka 2002 mashine hizi tulizonazo leo, na mtoto wa Tukuyu akaiuliza ni kima gani wanaoishi Rungwe, isingemtaja kipunji. Babu yake angemtaja. Elimu ile ilikuwa imelala katika vinywa vya wazee wasiojua kusoma, ikingoja mtu mwenye adabu ya kuuliza na subira ya kwenda kuangalia. Ni mangapi mengine yamelala katika vijiji vya Kilolo, Mufindi, Rungwe na Mbarali yakimngoja mwanafunzi wa kidato cha pili?

Suala la amana

Wako watakaosema kuwa Sheikh anakuza jambo, hii ni kazi ya shule tu. Hapana, ndugu zangu. Jina la mtoto juu ya karatasi ni ushahidi. Linasema: nimetazama, nimeuliza, nimefikiri. Katika Suratul Israa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anatukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na anatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Katika Surat Aal Imran, aya ya 188, wametahadharishwa wale wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Naye Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemfananisha mwenye kujionyesha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Je, kazi ya mashine iliyobandikwa jina la mtoto si nguo hiyo?

Tena sisi Waislamu ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Wanazuoni wetu wa hadithi hawakupokea neno kabla ya kuuliza: umelisikia kwa nani, naye alilisikia kwa nani? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alisafiri nchi nyingi kwa ajili ya swali hilo. Karatasi ilipoenea Baghdad na kunakili vitabu kukawa kazi ya kawaida, wanazuoni hawakuiharamisha karatasi. Waliweka utaratibu: anayenakili ataje amenakili kwa nani, na anayesomesha kitabu awe na idhini ya aliyemsomesha. Chombo kipya kilipokelewa kwa mikono miwili, na amana ya zamani haikuachwa.

Mzazi naye ana sehemu yake

Katika shule zetu mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Basi simu iliyofanya kazi ile ni ya nani? Ni yangu na yako. Aliyetoa fedha ya kuchapisha na kununua jalada ni nani? Ni mimi na wewe. Na mara nyingi tumefanya hivyo kwa mapenzi, tukidhani tunamsaidia mtoto asibaki nyuma. Lakini mtoto aliyezoea kupewa jibu kabla ya kulitafuta, atafanya nini siku atakapokuwa muuguzi mbele ya mgonjwa, au fundi juu ya nguzo ya umeme, na hapana wa kumnong'oneza?

Kuna dhuluma nyingine iliyojificha. Mtoto wa mjini ambaye nyumbani mwao kuna simu tatu za kisasa anashindanishwa na mtoto wa mama muuza mboga ambaye simu ya nyumbani ni ya kitochi. Iwapo alama zinatolewa kwa uzuri wa chapa na ulaini wa lugha, tayari tumekwisha amua nani atashinda. Lakini iwapo alama zinatolewa kwa kuona na kuuliza, basi mtoto yule wa pili, anayeishi karibu na shamba na karibu na bibi yake, huenda akawa ndiye tajiri.

Tufanye nini?

Sisemi tuzivunje simu. Anayefunga mlango wa elimu kwa kuogopa mwizi atalala na njaa ndani. Nasema tuzipange kazi kwa zamu zake.

Kwanza, macho na miguu vitangulie. Mtoto wa Iringa anayeandika juu ya Mtwa Mkwawa aende Kalenga, ambako fuvu lake limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Anayeandika juu ya zana za mawe aende Isimila. Anayeandika juu ya viazi akae siku moja shambani na mkulima wa Uyole.

Pili, simu iwe mtumishi wa safari hiyo. Ipige picha, irekodi sauti ya mzee kwa idhini yake, ihesabu wastani wa vipimo alivyovichukua mtoto. Kisha ifungue Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au masomo ya Shule Direct, ili alinganishe alichokiona na kilichoandikwa.

Tatu, kila habari itajwe ilikotoka. Ikiwa ni mzee, aandike mzee wa kijiji gani. Ikiwa ni akili mnemba, aandike hivyo bila ya kuona haya. Kutaja si aibu, aibu ni kuficha.

Nne, kabla mtoto hajakabidhi kazi, mzazi amwulize maswali matatu hata kama yeye mwenyewe hakusoma: Umeona nini? Umemwuliza nani? Ni jambo gani hukulipata? Asiye na jibu la hili la tatu, mara nyingi hakutafuta.

Tano, misikiti na madrasa zetu zenye uwezo ziweke walau kompyuta moja na mtu mwaminifu wa kuisimamia baina ya Alasiri na Magharibi, ili mtoto asiye na simu nyumbani asidhulumike. Na walimu wetu, ambao tunajua wingi wa madaftari walio nao, tunawaomba dakika mbili tu za kumhoji mtoto kwa mdomo.

Turudi kwa kijana wetu. Aliirudia kazi yake. Akampigia shangazi yake wa Vwawa, akaandika wilaya za Songwe sawasawa. Kuhusu Kimondo cha Mbozi, alikuta andiko moja linasema kina uzito wa tani 12 na jingine linasema tani 16. Akayaandika yote mawili, akataja alikoyapata, na chini yake akaongeza kuwa angependa kujua kilipimwa vipi. Zilikuwa kurasa tano, kwa mkono wake.

Baada ya wiki mbili alinijia tena. Mwenzake aliyepeleka kazi ya mashine, yenye picha za rangi, alipata alama nyingi kuliko yeye. Akaniuliza, "Sheikh, nimekula hasara?"

Nilimwambia kuwa mbele ya Mola wake hajala hasara, na kwamba alichokijua hakuna atakayemnyang'anya. Nayaamini maneno hayo. Lakini nakiri kwenu kuwa nilipobaki peke yangu niliona jibu langu halikutimia. Mtoto akichagua ukweli, ni juu yetu sisi watu wazima, wazazi na walimu, kuhakikisha kuwa ukweli haumpi hasara hata hapa duniani. Tukishindwa katika hilo, tutakuwa sisi ndio tuliomfundisha udanganyifu, wala haitakuwa mashine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi kuwa walezi waaminifu wa amana hii. Wabillahi tawfiq.