Mhandisi wa Kemikali na Njia ya Ng'ambo: Neno kwa Mzazi Mwenye Sare

Ndugu askari na polisi, tumeulizwa mara nyingi na wenzetu wa vyeo vyote swali ambalo si la bunduki wala la gwaride. Kijana wangu amehitimu uhandisi wa kemikali, hana kazi, na kuna bwana mjini anayeahidi kumfikisha ng'ambo kwa shilingi milioni kadhaa. Je, nikakope Wazalendo au Exodus nimlipe? Jibu letu ni kwamba usikope kumlipa bwana huyo. Hatusemi kwamba kijana asiende. Twasema kwamba mlango wa ng'ambo kwa mtu wa taaluma hiyo hufunguliwa kwa ufunguo mwingine, na ufunguo huo hauuzwi na wakala.

Kazi yenyewe haieleweki vema. Wengi hudhani mhandisi wa kemikali ni mtu wa maabara, mwenye koti jeupe na chupa mkononi. Huyo ni mkemia. Mhandisi ni yule anayechukua jambo lililofanikiwa ndani ya chupa akalifanya lifanikiwe ndani ya tangi la maelfu ya lita, usiku na mchana, bila mlipuko na bila hasara. Sukari ya Kakira, bia ya Luzira, saruji ya Tororo na maji yanayosafishwa Ggaba, yote hupitia ujuzi wa namna hiyo.

Kwa nini basi akose kazi? Kwa sababu viwanda vikubwa vinavyowaajiri watu hawa kwa wingi, vya kusafisha mafuta ghafi na vya mbolea, ni haba katika ukanda wetu, na baadhi ya vilivyokuwapo vimezimwa. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kile cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha tangulia. Vyote viwili vikageuka kuwa maghala. Wakati huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, havikuacha kuwafundisha wahandisi wapya. Kijana aliyefunzwa kuendesha mtambo ambao nchi haina atatazama nje, na hakuna haki ya kumwita msaliti kwa sababu hiyo.

Sisi wa majeshi tunaijua safari ya ng'ambo kwa upande wake mwingine. Kuanzia mwaka 2005 maelfu ya Waganda, wengi wao askari na polisi wastaafu, walikwenda Irak kulinda kambi za Wamarekani. Wa kwanza walilipwa vizuri, wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Kisha mshahara ukashuka mkataba hadi mkataba, maana nyuma ya kila mlinzi walipanga foleni wengine kumi waliokuwa tayari kupokea kidogo zaidi. Mhandisi hana foleni ndefu kiasi hicho nyuma yake, ila kwa sharti moja: cheti chake kitambuliwe huko aendako. Kisipotambuliwa, ataingia katika foleni ile ile ya walinzi, akiwa na shahada mfukoni.

Jambo hili si geni kwetu. Kapteni wa jeshi letu akihamia nchi nyingine havai nyota zake kule kwa sababu tu alizivaa hapa. Wahandisi nao wana utaratibu wao. Mwaka 1989 vyama vya wahandisi vya nchi kadhaa zinazosema Kiingereza vilitia sahihi Mapatano ya Washington, yanayokubali shahada za nchi wanachama kuwa na uzito mmoja. Afrika Kusini iliingia mwaka 1999. Uganda haimo. Kwa hiyo shahada ya kijana wetu haikataliwi, bali hupimwa upya, somo kwa somo, na upimaji huo huchukua muda na fedha. Fedha hizo hulipwa moja kwa moja kwa chombo kinachopima.

Tuchukue mfano wa Kanada, kwa kuwa ndiko wengi wanakoelekeza macho. Tangu mwezi Januari 2015 nchi hiyo huwachagua wataalamu kwa alama zinazohesabiwa kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi. Mwombaji hujaza maombi mwenyewe, na anaweza kukubaliwa hata kama hajaahidiwa kazi na mwajiri. Alama za umri huwa kamili kati ya miaka 20 na 29, kisha hupungua, na afikaye miaka 45 hapati hata moja. Alama za uzoefu uliopatikana nje ya Kanada hufikia kilele kwa miaka 3. Mzazi apige hesabu. Kijana aliyehitimu akiwa na miaka 24, akafanya kazi kiwandani miaka 3, huomba akiwa na 27 na mkono uliojaa. Aliyekaa nyumbani miaka hiyo 3 akimsubiri wakala huomba akiwa na umri ule ule, mkono mtupu. Tena akiisha kufika hajawa mhandisi kamili, kwa maana leseni hutolewa na jimbo. Huko Ontario waliotoka nje walidaiwa kwanza uzoefu wa Kanada yenyewe, sharti ambalo liliondolewa mwaka 2023.

Nchi za Ghuba ni habari nyingine. Miji ya viwanda kama Jubail, Saudia, ilijengwa kwa kazi hii hasa, na mshahara wake ni wa haraka. Lakini kule mtu huenda kufanya kazi, haendi kuhamia. Kibali hufungwa na mwajiri, na mhandisi mgeni sharti aandikishwe na Baraza la Wahandisi la nchi hiyo. Zaidi ya hayo, mwaka 2024 Saudia iliamuru kampuni zenye wahandisi watano au zaidi ziwe na raia wasiopungua 25 katika kila wahandisi 100. Mwenye kwenda aende akijua kwamba nafasi yake ina mwisho.

Ulaya nako si pepo. Mwaka 2023 kampuni ya BASF, iliyo kubwa kuliko zote za kemikali, ilitangaza kufunga baadhi ya mitambo yake ya Ludwigshafen, Ujerumani, kwa sababu ya bei ya nishati. Mwaka 2025 kiwanda cha mafuta cha Grangemouth, Uskoti, kikaacha kusafisha mafuta. Wakala hasemi habari hizi.

Iko pia ng'ambo ya karibu, ambayo wengi huipita bila kuitazama. Mwezi Desemba 2012 bodi za wahandisi za Uganda, Kenya na Tanzania zilitia sahihi mapatano ya kutambuana, na Rwanda ikafuata. Lakini mapatano hayo humfaa mhandisi aliyesajiliwa tu. Bodi yetu ya usajili ipo kwa sheria ya mwaka 1969, na vijana wetu wengi wanahitimu bila kugonga mlango wake. Hapo ndipo pa kuanzia. Mkopo ukichukuliwa, uchukuliwe kwa ajili ya usajili, mtihani wa lugha na nauli ya kumfikisha kijana kwenye kiwanda cha sukari kitakachompokea hata kwa mshahara mdogo. Na akitaka kupitia kampuni ya ajira, mzazi afike kwanza Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii aone kama kampuni hiyo imo katika orodha ya zenye leseni. Sisi tuliofunzwa kupeleleza njia kabla ya kupitisha kikosi hatuna udhuru wa kulipa kabla ya kuuliza.

Yabaki ya serikali. Mwezi Machi 2025 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Falme za Kiarabu ya kujenga kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku huko Kabaale, Hoima. Kitaendeshwa na nani? Nigeria, ilipokuwa ikijenga kiwanda cha Dangote cha mapipa 650,000, vijana wake walipelekwa India kujifunza ndani ya mitambo inayofanya kazi. Mganda aliyekaa Jubail miaka kumi amekwisha pata mafunzo hayo bila hazina yetu kutoa senti. Jeshi huwaandika askari wa akiba kwa majina, ujuzi na mahali walipo, ili siku ya haja waitwe. Wahandisi walioko nje hawana daftari la namna hiyo. Twaiomba wizara inayohusika ilifungue, iandike ndani yake pia mshahara ambao nchi iko tayari kuwalipa, kabla mtambo wa Kabaale haujawashwa.