Siri ya Mtungi: Mwanamke na Kazi ya Kutunza Utajiri

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kuitungia visa vya wafanyabiashara wazembe walioshindwa kulipa karo ya wana wao. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mtu akiuliza swali ambalo methali yenyewe inalinyamazia: daftari hilo limo mikononi mwa nani? Katika makala haya ninakusudia kulijibu swali hilo kwa kuitazama kazi ambayo wengi wetu katika idara za lugha tunaisikia tu kwa mbali, yaani kazi ya kusimamia mali za watu binafsi, na kueleza ni kwa nini mwanamke anayeingia katika kazi hiyo hupata shida kupanda ngazi hata anapokuwa hodari kuliko wenzake.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Msimamizi wa mali si karani anayehesabu noti nyuma ya kioo cha benki. Ni mshauri anayekabidhiwa mali ya mtu au ya familia nzima, yaani hisa, hati za hazina, nyumba za kupangisha, mashamba na akiba ya uzeeni, kisha akamwongoza mwenye mali aiweke wapi, kwa muda gani na kwa hatari ya kiasi gani. Ujira aghalabu ni sehemu ndogo ya mali inayotunzwa. Tuseme ni asilimia 1 kwa mwaka: mteja mwenye shilingi milioni 50 ataiingizia kampuni shilingi 500,000 kila mwaka. Kwa hiyo mfanyakazi hupimwa kwa jumla ya mali iliyo chini ya mkono wake. Anayepoteza wateja hupoteza cheo. Anayehama nao huhama na riziki yake.

Kazi hii ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni elimu. Hapa Kenya, KASNEB, iliyoundwa mwaka 1969, huwatahini wachanganuzi wa uwekezaji na fedha, na wapo wanaofanya mtihani wa kimataifa wa CFA wenye viwango vitatu. Katika mlango huu mwanamke hana cha kuogopa, kwa kuwa karatasi ya mtihani haimuulizi yeye ni binti ya nani. Mlango wa pili ni imani, na huo ndio mgumu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na msimamizi wa mali ndiye kata. Ndiye anayejua ploti iliyoandikishwa kwa jina la rafiki, deni la ndugu lisilolipwa, na mtoto wa nje anayelipiwa karo kimyakimya. Imani ya namna hiyo aghalabu hujengwa kwenye viwanja vya gofu, katika vilabu vya waliosoma pamoja, na kwenye nyama choma za Ijumaa jioni, mahali ambapo mwanamke ama haalikwi, ama akija huangaliwa kwa jicho la pembe.

Historia inathibitisha kwamba tatizo halijawahi kuwa akili. Mjini New York, mwaka 1870, Victoria Woodhull na dada yake Tennessee Claflin walifungua ofisi ya udalali wa hisa. Hata hivyo, ilipita miaka 97 kabla ya Muriel Siebert kuwa mwanamke wa kwanza kununua kiti katika Soko la Hisa la New York, mwaka 1967. Soko la Hisa la London liliwakubali wanawake mwaka 1973. Kwetu, Mary Okelo aliteuliwa kuwa meneja wa tawi la benki ya Barclays mwaka 1977, wakati ambapo cheo hicho kilikuwa cha wanaume. Mwaka 1981 iliundwa Kenya Women Finance Trust ili wanawake wapate mikopo bila kunyenyekea kwa mtu. Naye Nasim Devji alikabidhiwa uongozi wa Diamond Trust mwaka 2001. Kumbe uwezo ulikuwepo siku zote. Kilichochelewa ni mlango.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumewahi kumwona mwanamke huyu jukwaani. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, Portia ni mrithi wa mali nyingi, ilhali wosia wa baba yake unamnyima uhuru wa kujichagulia mume. Akishampata mume, anamkabidhi mali yote. Tena siku anapotaka kutoa hoja ya kisheria kuhusu deni, hana budi kuvaa nguo za kiume ndipo asikilizwe. Akili ni yake, lakini waliomo mahakamani wanadhani ni ya mwanamume.

Tusidhani kwamba hayo ni ya tamthilia tu. Binamu yangu, binti ya shangazi, amefanya kazi hii jijini Nairobi kwa miaka minane. Siku ya kwanza kukutana na mteja mmoja, mzee aliyechuma mali yake kwa biashara ya uchukuzi, aliambiwa, "Binti, hebu niitie mkubwa wako, na ukirudi utuletee chai." Binamu yangu aliileta chai, akaketi, akafungua faili. "Karibu chai, Mzee," akasema. "Taarifa hiyo uliyoishika ni mimi niliyeiandika." Mzee alicheka, akamwomba radhi, na tangu siku hiyo hakutaka kuhudumiwa na mtu mwingine.

Kila walipokutana, binamu yangu alimsihi amlete mkewe. Mzee alijibu kuwa mama watoto hana haja na makaratasi. Mwaka wa tatu alimleta. Yule mama alisikiliza kwa saa nzima bila kutia neno, kisha akauliza swali moja tu: "Na mimi nikitaka kujua haya yote yako wapi, nimwulize nani?" Alipewa nambari ya simu, akaifunga katika ncha ya leso.

Baadaye binamu yangu alijifungua. Kwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi, ambayo ni haki yake chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, faili ya mzee ilipewa mwenzake wa kiume "kwa muda tu". Aliporudi kazini, faili haikurudi. Mzee akafariki dunia. Mjane alipofika ofisini akamtaka yule binti wa chai, aliambiwa kuwa siku hizi anahudumiwa na mwingine; na huyo mwingine, muda wote wa mazungumzo, alimwelekezea maneno kifungua mimba wa kiume aliyeketi kando ya mamake. Haikupita miezi mingi mjane akahamisha mali yote kwingine. Tathmini ya mwaka ilipofanywa, binamu yangu aliandikiwa kuwa mali iliyo chini yake ni chache. Krismasi iliyopita aliniambia kuwa anafikiria kuiacha kazi na kufungua duka la nguo.

Kisa hiki ndicho kilichonisukuma kushika kalamu. Wanawake walio katika kazi hii hushauriwa kila siku wajiamini, wapaze sauti, wajifunze gofu. Ushauri huo si mbaya, ila unamtibu asiyeugua. Binamu yangu hakukosa ujasiri. Alikuwa na imani ya familia nzima. Kilichomwangusha ni mpango wa kazi unaomhesabu mwenye mali kuwa ni mwanamume mmoja, na kuwasahau wale ambao kesho mali itakuwa yao.

Waama, mwenye mali wa kesho amebadilika, na sheria yetu imetangulia kulijua hilo. Katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapate urithi mdogo kwa kuwa huenda wakaolewa. Katiba ya mwaka 2010 ilitia muhuri usawa wa jinsia. Mahakama zetu, ambazo kwa miaka mingi ziliamua kesi za mali ya ndoa kwa kutegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, zilipata Sheria ya Mali ya Ndoa mwaka 2013, inayotambua hata malezi ya watoto na kazi za nyumbani kuwa ni mchango. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kuwa usawa huo haumaanishi kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja, bali mchango sharti uthibitishwe. Lakini hata hilo linarudi pale pale: anayetaka kuthibitisha anahitaji daftari. Fauka ya hayo, sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kushughulikia mali za kifedha zisizodaiwa. Miongoni mwa mali hizo zimo akaunti na hisa za marehemu ambao warithi wao hawakuambiwa lolote. Huo ndio mwisho wa siri iliyowekwa na mtu mmoja.

Nina mapendekezo matatu. Mosi, mwanamke anapokwenda likizo ya uzazi, wateja wake wakabidhiwe mwenzake kwa maandishi yenye tarehe ya kurudishwa, na wao wenyewe waambiwe hivyo. Pili, kampuni zisimpime mfanyakazi kwa fedha mpya alizoleta pekee, bali pia kwa familia zilizobaki naye baada ya mwenye mali kufa. Tatu, na hili linamhusu mwanamke mwenyewe, aijue Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981, mirathi ya Kiislamu mbele ya Kadhi, na amana za familia zilizopewa nafasi kisheria mwaka 2021, kisha aombe kumwona mke na mabinti mapema, kabla ya matanga. Tena awe na daftari lake: nani alimleta mteja, lini, na mali ilikuwa kiasi gani. Kazi bila daftari nayo huisha bila habari.

Huenda mtu akasema kuwa ninawafungia wanawake katika chumba kipya, wawe washauri wa wajane tu. La hasha. Anayemjua mke, mabinti na wana anaijua mali nzima, na huyo ndiye mzee mwenyewe atakayemtafuta. Mwingine atauliza: haya ya matajiri yanatuhusu nini sisi tunaoishi kwa mkopo wa elimu ya juu? Yanatuhusu. Mama zetu ni waweka hazina wa vyama vyao vya akina mama, na mwaka 2017 serikali iliuza hati za M-Akiba kwa kuanzia shilingi 3,000. Mshauri anayejua kumweleza mjane wa milioni 50 ndiye atakayejua kumweleza mweka hazina wa chama.

Na hapo ndipo chama chetu cha Kiswahili kinapoingia. Taarifa za uwekezaji huandikwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo anayezisoma ni mama aliyefunga nambari ya simu katika ncha ya leso. Akitafsiriwa na mwanawe, anajua kile tu ambacho mwanawe ameamua ajue. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi na iwe rasmi pia mezani pa mali. Maneno tunayo: hisa, riba, wosia, mirathi, hati fungani. Tunalo pia neno amana, ambalo kwa pamoja linabeba fedha iliyowekwa na uaminifu wa aliyewekewa. Sijui lugha nyingi, lakini sioni neno lililo bora zaidi la kuipa kazi hii jina.

Wanachama wenzangu, miongoni mwenu wamo watakaokuwa wafasiri, waandishi na wahariri wa taarifa hizo. Ziandikeni kwa namna ambayo yule mama angezisoma mwenyewe. Nami nimemwomba binamu yangu asubiri mwaka mmoja zaidi kabla ya kufungua hilo duka. Amesema atafikiria.