Picha Isiwe Mateso kwa Mnyama

Miongoni mwa wananchi wa visiwa vyetu wapo ambao wazee wao walitoka Kutch, India, wakaja na majahazi kwa pepo za kaskazi. Jirani na Kutch, katika jangwa la chumvi la Little Rann, Jimbo la Gujarat, ndiko waliko punda mwitu wa India. Habari zao zina funzo kwetu.

Katika miaka ya 1960 punda hao walikaribia kumalizika. Maradhi yaliwaua kwa wingi, hata wakahesabiwa chini ya 400. Mwaka 1973 Serikali ya Gujarat ilitenga hifadhi ya karibu kilomita za mraba 5,000. Hesabu ya mwaka 2024 ilikuta punda 7,672. Haya ni matunda ya uamuzi wa Serikali na subira ya wananchi.

Lakini neema hiyo imevuta wageni wenye kamera, na dereva anayetaka kumridhisha mgeni hushawishika kuwakimbiza wanyama ili picha ipate vumbi na mbio. Msomaji wa Kurani anamkumbuka punda aliyeshtuka, anavyotajwa katika Suratul Muddaththir. Mnyama huyo hana budi kukimbia, na katika nchi ya majani haba kila mbio humpunguzia maji na nguvu. Mama mwenye mtoto ndiye anayeumia zaidi.

Wapigapicha wenye ujuzi hawafanyi hivyo. Hufika alfajiri, kwani adhuhuri joto la ardhi huifanya picha itetemeke. Husimamisha gari mbali, wakazima injini, wakakaa chini na lenzi ndefu, wakangoja. Punda akishatulia huendelea kula, na picha huja yenyewe. Wakati wa masika ya huko Rann hufurika, punda hupanda kwenye vilima vilivyozungukwa na maji kama visiwa, na hifadhi hufungwa kwa wageni.

Sisi tunao pomboo wa Kizimkazi, ambao nao hufuatwa na mashua nyingi kwa ajili ya picha. Tunatoa rai kwa wahusika Serikalini wasimamie kwa dhati umbali na idadi ya mashua, na kwa manahodha wetu wazime mashine na kungoja. Riziki inayokimbizwa leo, kesho haitaonekana.